Mjadala wa Kupinda Katika Nchi ya Chogo

Kitendawili. Mkiitika, nategua mwenyewe, maana nina haraka ya kufika kwenye habari yenyewe: nyumba yangu ni ndefu, ndani hamna kitu, hata hewa hamna, na kutwa watu wanapita humo mbio. Mkishindwa nipeni mji. Mimi niliyetegwa nilishindwa, nikatoa Tanga nzima pamoja na bandari yake, na mama aliyenitega akasema haijui Tanga lakini ataipokea hivyo hivyo. Jibu ni Nchi ya Chogo, na huko ndiko nilikotoka.

Namna nilivyofika si jambo la kuwachosha nalo. Nilifika. Namna nilivyopumua, msiniulize.

Wa rika langu wanazikumbuka televisheni za chogo, zile zenye kisogo kirefu kilichofanya meza isogezwe mbali na ukuta. Nchi hiyo ina umbo hilo, nayo imefunikwa kioo pande zote. Nyuma kabisa kuna Jiko, ambalo halizimwi. Mbele ya Jiko kuna Mlango. Ukivuka Mlango nchi inabana, panaitwa Shingo, na hapo ndipo serikali inapokaa. Kisha nchi inafunguka kama mdomo wa tarumbeta, panaitwa Tumbo. Mwisho wa Tumbo kuna Ukuta uliopakwa unga mweupe, na nyuma ya unga huo wanaishi wananchi, safu juu ya safu, kama masanduku ya posta.

Kazi ya nchi ni moja. Jiko likipata moto, wakimbiaji wanatoka kama mvuke chini ya kifuniko cha sufuria. Wanapita Mlangoni, wanapita Shingoni, wanakata Tumbo, wanaugonga Ukuta. Pale anapogonga mkimbiaji unga unang'aa, na nyumba iliyo nyuma yake inapata mwanga. Mkimbiaji haumii. Anateremka kwa pembeni, anakwenda zake, na hakuna anayemuuliza jina. Sasa, mkimbiaji wa Chogo anajua jambo moja tu, kwenda mbele. Asipopindwa na mtu, atagonga pale pale alipogonga mwenzake. Kwa hiyo nchi ina wapindishaji, ambao humpinda huyu kidogo na yule zaidi, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, mpaka kila nyumba ipate zamu yake. Mwanga wa nyumba moja ni wa kupepesa jicho: umekuja, umeondoka, umekuja tena. Wenyewe wanauita mchana.

Mwenyeji wangu aliitwa Bi Somoe. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili, na nyumba yake ilikuwa Kitovuni, katikati kabisa ya Ukuta. Binti yake Zaituni alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na uzazi ulikuwa mgumu. Mkunga alikataza asinyanyuliwe wala asihamishwe. Hata kukaa kitako alikaa kwa kuegemezwa mito. Mtoto alikuwa hajapewa jina, lakini mapafu alikuwa nayo.

"Shoga, wewe umezaa?" Bi Somoe aliniuliza siku niliyofika, kabla hajaniuliza natoka wapi.

"Nimezaa, na waliozaliwa wamezaa."

"Basi weka mkoba chini, mshike huyu."

Nikakaa kwao.

Kabla sijaeleza yaliyotupata, niseme kidogo juu ya serikali. Wizara kubwa kuliko zote ni Wizara ya Utupu. Sheria ya nchi inasema ndani ya Tumbo kusiwe na kitu: si vumbi, si upepo, si mtu, maana mkimbiaji akigongana na kitu njiani hafiki. Wizara hii inahakikisha hakuna kitu, na kwa kazi hiyo ina wafanyakazi wengi mno, wenye sare na kantini. Nilimsikia Waziri akisoma taarifa yake ya mwaka. Alipanda jukwaani, akavaa miwani, akasema, "Mheshimiwa Spika, hakuna kitu." Akashuka. Makofi yakapigwa mpaka nikaona aibu kukaa na mikono mapajani, nami nikapiga. Bajeti yake ikapita.

Wapindishaji wako Shingoni, nao ni idara mbili.

Ya kwanza ni Idara ya Vibao. Vibao ni watu bapa, wanasimama wawili wawili wakitazamana, na mkimbiaji anapita katikati yao. Wa upande mmoja anamsifu: "Ooo, kipenzi, njoo, nani kama wewe!" Wa upande wa pili anamtukana: "Toka hapa na jasho lako!" Mkimbiaji anajipinda kuelekea sifa. Ni kazi nyepesi, na ukitaka apinde upande mwingine, wanabadilishana tu, mtukanaji anasifu na msifiaji anatukana, papo hapo, bila hata kumeza mate. Hakuna awezaye kugeuza kauli haraka kama Kibao. Ila udhaifu wao ni kwamba hawafiki mbali. Mkimbiaji mwenye kasi anakuwa ameshapita kabla sifa haijaisha. Na ukizidisha sifa ili apinde zaidi, anapinda kupita kiasi, anamgonga Kibao mwenyewe na kuganda pale pale kifuani pake. Niliwaona waliogandia hivyo. Wameacha mbio, hawaangazi nyumba ya mtu, na wanaitwa washauri.

Ya pili ni Idara ya Koili. Hii Bi Somoe alinieleza tukichambua mchele.

"Kitendawili."

"Tega."

"Hanivuti, hanisukumi, hanigusi, lakini ananigeuza."

"Mume," nikasema.

Akaacha ungo, akacheka mpaka Zaituni akatuuliza kulikoni huko nje. "Jibu ni Koili," akasema akifuta macho. "Lakini la kwako nalo limepita."

Watu wa Koili hawaingii Shingoni kabisa. Wako nje yake, wameshikana mikono, wanaizunguka Shingo kama waya, raundi baada ya raundi. Hawamsifu mtu wala hawamtukani mtu. Wanazunguka, na mkimbiaji aliye ndani anajikuta anakwenda kando, si kuwafuata wala kuwakimbia, bali ubavuni, kama mtu aliyetoka kununua chumvi akajikuta msibani. Kasi yake haiongezeki wala haipungui. Na Koili wanaweza kumpinda mtu mpaka kwenye pembe za Ukuta, ambako Vibao hawajawahi kufikisha mtu. Nao wana udhaifu wao. Ukiwaambia wageuke wazungukie upande wa pili, wanasema subiri kwanza, wanapata moto, wananung'unika, ndipo wanageuka. Na mtu aliyesimama hawamuwezi. Koili humgeuza anayekwenda tu. Ukisimama wima watakuzunguka mpaka wachoke.

Watu wa Pembeni, yaani wanaokaa kwenye pembe nne za Ukuta, wanawapenda Koili kwa sababu hiyo. Watu wa Kitovuni wanawapenda Vibao, kwa sababu wao wako katikati na hawahitaji kufikiwa na mtu. Ni kweli pia kwamba mistari ikifika Pembeni inakuwa imepinda kama kingo za mto wa kulalia. Mwananchi mmoja wa huko aliwahi kulalamika. Afisa akaja na kamba, akainyoosha kando ya mstari wa serikali, akatoa jibu kwamba mstari uko sawa, nyumba ndizo zimepinda. Wakaagizwa kuzinyoosha.

Miaka yote idara hizi mbili zilifanya kazi pamoja: Koili walimpeleka mkimbiaji kushoto na kulia, Vibao wakampeleka juu na chini. Ugomvi ulianza kwa neno dogo. Kwenye sherehe ya taifa, mshereheshaji alisema, "Tunawashukuru wapindishaji wetu, Koili na Vibao." Vibao wakauliza kwa nini Koili wametajwa kwanza. Koili wakajibu kwamba anayepinda zaidi hutajwa kwanza. Jioni hiyo hiyo hoja ikafika Barazani: nani hasa ndiye mpindishaji wa kweli?

Na nchi ile ina kanuni ambayo wanajivunia sana. Kazi ikishaanza kujadiliwa, anayeifanya lazima aiache mpaka mjadala uishe, asije akaonekana anajipigia debe kwa kuifanya vizuri. Kwa haki, idara zote mbili zikaambiwa ziweke mikono mfukoni kwa wakati mmoja.

Jiko halikuzimwa. Kuzima Jiko ni kufanya Ukuta uwe mweusi, na walio nje ya kioo wangesema Chogo imekufa. Basi wakimbiaji waliendelea kutoka, hakuna wa kuwapinda, na wote wakaenda moja kwa moja. Moja kwa moja ni Kitovuni. Ni kwa Bi Somoe.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Mwanga wa nchi nzima ulitua mtaani kwetu na haukuondoka. Watu walitoka na viti. Bi Somoe alianika nguo, akarudi ndani kuchukua vibanio, akatoka akazikuta zimekauka. Mjumbe wa mtaa, bwana mmoja mnene anayeitwa Mwinyikombo, alipanda juu ya ngazi.

"Ndugu zangu wa Kitovuni! Leo tumekumbukwa!"

"Tumekumbukwa!"

"Pembeni wako gizani, si kosa letu! Wao ndio waliochagua kukaa pembeni!"

Wakashangilia. Mama mmoja jirani akasema sasa hata mboga zitaiva bila kuni. Bi Somoe naye alipiga kigelegele, siwezi kusema hakupiga. Mimi nilikuwa ndani na mtoto.

Mtoto hakulala. Mtoto mchanga anataka kufumba macho na kukuta giza, na giza halikuwapo. Tulitundika khanga dirishani, mwanga ukapita kwenye maua ya khanga. Tukatundika blanketi, ukapita kwenye pindo. Siku ya pili mtoto alilia mpaka sauti ikawa kama mlango unaohitaji mafuta. Maziwa ya Zaituni yakaanza kukatika kwa kukosa usingizi.

Kisha Bi Somoe akaniita nje. Akaweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka.

"Shoga, tazama huu unga."

Ulikuwa mweupe. Sasa ulikuwa wa manjano, na katikati, nyuma ya kitanda cha Zaituni hasa, ulikuwa wa kahawia, kama ukoko wa ugali sufuriani.

Tukamwita Mjumbe. Akaja akijifuta jasho, akautazama.

"Hiyo ni rangi ya maendeleo," akasema.

"Ni moto, Mwinyikombo. Unga ukiungua ukatoboka, nyumba inaungua. Na mwanangu hanyanyuki."

"Bi Somoe, punguza sauti." Akatazama kushoto na kulia. "Unataka watu wa Pembeni wasikie kwamba mwanga umetuzidi? Watadai wapewe."

"Wapewe!"

"Wewe mwanamke! Tumekaa tukipepeswa maisha yetu yote. Leo tumepata mchana usiokatika, unasema wapewe?"

"Weka mkono wako hapo ukutani, Mjumbe."

Hakuweka. Aliondoka, na nilimwona akitembea upande wa kivulini.

Zaituni alikuwa amesikia yote. "Mama, mchukueni mtoto mumhamishe," akasema. "Mimi niacheni."

"Nyamaza wewe. Mtoto ananyonya nani, mimi? Nimekauka tangu ulipoota meno." Akajifunga khanga kiunoni, akanigeukia. "Twende Shingoni."

Tulimwachia jirani kuwaangalia, tukapita njia ya kando ya kioo mpaka Barazani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Aliyekuwa akizungumza ni Mheshimiwa Shomvi, mkuu wa Vibao, mtu mwembamba kiasi kwamba akigeuka ubavu hupotea. Alikuwa anaueleza upande wa kulia wa ukumbi kwamba wao ndio akili ya nchi, na upande wa kushoto kwamba hata nzi wanaukwepa, na upande wa kulia ulikuwa umejipinda kumwelekea mpaka watu wanaanguka kwenye viti. Kisha akageuka, akasema maneno yale yale kinyume, na ukumbi mzima ukainamia upande wa pili. Spika alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

Bi Somoe hakungoja. "Mheshimiwa Spika, nyumba yangu inaungua!"

Spika akatazama kanuni. "Mama, hoja iliyo mezani ni ya kupinda. Ya kuungua haijaletwa."

"Inaungua kwa sababu hampindi."

"Hatupindi kwa sababu tunajadili kupinda. Ungekuwa umekuja kabla ya mjadala tungekusikiliza."

"Kabla ya mjadala ilikuwa haiungui!"

"Umeona sasa," Spika akasema kwa upole. "Hukuwa na hoja."

Akasimama mkuu wa Koili, Mheshimiwa Sauda, mama wa makamo mwenye mwendo wa taratibu. Hakuja mbele yetu. Alianza kutuzunguka, huku akisema kwa sauti laini. "Mama yetu amesema jambo zito. Nyumba ni nini? Nyumba ni familia. Na familia zetu siku hizi zikoje? Vijana hawaamkii wakubwa. Tuseme kweli, tatizo ni malezi."

Mimi nilikuwa napigapiga hatua pale nilipo kwa hasira, na naapa nilijikuta nimeshafika kwenye kona ya ukumbi, nikimweleza karani mmoja habari za vijana wasioamkia wakubwa. Nilishtuka mkono wangu uko hewani. Bi Somoe alikuwa bado pale pale. Alikuwa amesimama wima, miguu imeganda sakafuni, na Mheshimiwa Sauda anamzunguka, raundi na raundi, jasho linamtoka.

"Nyumba yangu inaungua," Bi Somoe akasema. "Kitovuni. Binti yangu yumo ndani."

Mheshimiwa Sauda akachoka, akaketi, akaomba maji.

Ndipo Mheshimiwa Shomvi akaja. Huyu alimtazama usoni, akashusha sauti, na sifa zake zilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea.

"Bi Somoe. Unajua watu wanasema nini huko nje? Wanasema kuna mtoto amezaliwa Kitovuni siku mwanga wote wa nchi ulipotua juu ya nyumba moja. Mtoto mmoja! Nchi nzima inamwangazia yeye. Tutamwita Binti Mwanga. Atasomeshwa. Picha yake itawekwa hapa, juu ya kiti cha Spika. Na wewe, bibi yake, utakaa pale," akaonyesha kiti cha mbele chenye mto mwekundu. "Au unataka arudi kupepeswa, kama mtoto wa mtu yeyote?"

Na mwenzake, Kibao wa upande wa pili, akatema mate pembeni. "Mwache. Watu wa aina hii hawajui wapewacho."

Nilimwona Bi Somoe anainama. Si sana, lakini mabega yake yalielekea kile kiti. Bibi gani asiyetaka mjukuu wake ajulikane? Ukumbi wote ulikuwa unatazama kama ataganda kifuani pa Shomvi kama wale wengine.

Akajikuna shingo. "Picha yake itakuwa kubwa?"

"Kama huu mlango."

"Atakuwa amefumba macho au amefumbua?"

Shomvi akasita. "Amefumbua, bila shaka."

"Basi si yeye," Bi Somoe akasema, akanyooka. "Mimi nilichokuja kutafuta ni afumbe. Mjukuu wangu hahitaji kujulikana, baba. Anahitaji kulala."

Tukatoka. Nyuma yetu Spika alikuwa anauliza kama kulala ni hoja ndogo au hoja binafsi.

Nje alikaa chini kwenye ngazi, na hapo ndipo nguvu zilipomwisha. Hakulia. Alikuwa anakunja ncha ya khanga na kuikunjua. Mimi nilitazama huku na huku, nikauona ule Mlango, kati ya Jiko na Shingo, na wakimbiaji wanavyomiminika. Mlango una bawabu. Nikamuuliza Bi Somoe huyo naye ni wa idara gani.

"Mzee Ndaro? Hana idara. Anafungua na kufunga tu."

"Anafunga?"

"Anafunga mstari ukirudi."

Tukaenda. Mzee Ndaro alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye komeo, anatafuna karanga. Bi Somoe alimwamkia, wakaulizana hali, wakaulizana hali ya watoto, ndipo akamwomba aufunge Mlango.

"Siwezi, mama. Nikifunga bila sababu watanitoa, na wakinitoa wataweka mwingine ambaye hafungi kabisa."

"Sababu inayokubalika ni ipi?"

Mzee Ndaro akafuta mikono, akaisoma sheria kwa kichwa, kama mtu anayetoa salamu. "Mstari ukimaliza kuandikwa lazima urudi ulikoanzia. Nchi hii haipendi kuonekana inarudi. Ni aibu. Kwa hiyo imeandikwa: chochote kinachorudi kisiangaziwe, Mlango ufungwe mpaka kifike. Basi. Lakini siku hizi hakuna kinachorudi, maana hakuna kinachokwenda kando. Mkono wangu umepata ganzi kwa kukaa bure."

Bi Somoe akaifunga upya khanga yake kiunoni. Kisha akasema, "Mimi ninarudi."

"Unarudi wapi?"

"Nyumbani kwangu Kitovuni. Nilitoka, sasa ninarudi."

Mzee Ndaro akaacha kutafuna. Akamtazama, akalitazama komeo. "Imeandikwa chochote," akasema polepole, kama anayejikumbusha mwenyewe. "Haikuandikwa mstari." Kisha akainua kidole. "Lakini ukifika tu, mama, nafungua. Hiyo siwezi kukusaidia. Ukifika nafungua."

"Nimesikia. Na nikichelewa?"

"Mwendo haujaandikwa."

Nilielewa kabla sijataka kuelewa: angerudi bila kufika. "Bi Somoe," nikasema, "binti yako yuko kule. Mtoto yuko kule."

"Ndiyo maana." Akanishika mkono. "Wewe ni mgeni, shoga. Mgeni harudi, anakwenda. Tangulia. Mpe Zaituni uji wa pilipili manga, usitie sukari nyingi. Akikuuliza, usimdanganye."

Komeo likashuka, na Chogo ikawa giza.

Nilitembea nikipapasa kioo. Nilipofika Kitovuni, Ukuta ulikuwa unapoa huku ukitoa milio midogo midogo, kama sufuria iliyoepuliwa. Mtaa ulikuwa umejaa manung'uniko. Mwinyikombo alikuwa anauliza gizani nani ametuibia mchana wetu. Ndani nilimsikia Zaituni anapumua, na mtoto sikumsikia kabisa. Nikapeleka sikio. Alikuwa amelala.

"Shikamoo, bibi," Zaituni akanong'ona. "Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko njiani, anarudi."

"Atafika sasa hivi?"

Nikaukoroga uji. Nikamweleza yote, maana nilikuwa nimekatazwa kudanganya. Zaituni alimpapasa mtoto kichwani. Kisha akasema, "Lete huo uji," akaunywa wote.

Baraza lilipopata habari ya giza, liliunda kamati. Kamati ilitakiwa kuchunguza giza, lakini ikaona haiwezi kuchunguza kitu isichokiona, ikaomba mwanga, ikaambiwa mwanga unategemea matokeo ya kamati. Mjadala wa kupinda uliendelea. Vibao walisema giza ni la Koili, Koili wakasema giza limeanzia kwa Vibao. Wizara ya Utupu peke yake ndiyo haikuona tofauti. Mtu mmoja mwenye bidii aligundua chanzo, na badala ya kumkamata Bi Somoe, kwa kuwa hakuwa amevunja sheria yoyote, walimtumia Afisa wa Marejeo, atembee nyuma yake na kuhakikisha kweli anarudi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunajua alipo. Sauti ya yule afisa ilikuwa inatufikia kutoka kwenye njia ya kioo, kila siku karibu kidogo.

"Bado unarudi?"

"Bado narudi, baba."

Kusimama haikuruhusiwa, aliyesimama harudi. Kwa hiyo alitembea. Aliweka kisigino mbele ya kidole, akapumua, akaweka kingine. Nilimpelekea chakula, akala akitembea. Miguu yake ilivimba, nikaikanda kwa maji ya chumvi huku mmoja uko hewani. Alikuwa akiniuliza mambo matatu kila mara, yale yale: mtoto amelala, maziwa yametoka, mwanangu amekaa? Amelala. Yametoka. Amekaa, leo bila mito. Nikimwambia hilo la mwisho, alikuwa anaongeza hatua bila kujua, kisha anajikumbuka na kuipunguza.

Mwisho akafika mtaani kwake. Akafika ng'ambo ya uchochoro. Akafika mahali ambapo mtoto akikohoa ndani yeye anageuza kichwa nje. Majirani walisogeza mazungumzo yao mbali wasimharakishe, maana walikuwa wameshaweka mikono yao ukutani na kujua ule ukoko umebakiza unene gani. Hata Mwinyikombo alikuwa ameacha kuuliza habari za mchana. Ulikuwa umebaki mlango, na kizingiti, na hatua ambayo Bi Somoe alikuwa anaikata vipande vidogo kama mtu anayekatia kitunguu wageni wengi.

Siku hiyo Zaituni aliniambia, "Bibi, nishike kiuno."

"Mkunga amesema—"

"Nishike kiuno."

Nikamshika. Akaweka mguu chini, akakunja uso, akaweka wa pili. Mtoto alikuwa kifuani pake, amefungwa khanga. Tulikwenda hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akavuka kizingiti kwa miguu yake, akatoka nje gizani, ambako mama yake alikuwa bado anatembea pale pale kwa hatua za ukubwa wa dole gumba.

Zaituni alimfungua mtoto, akampakatisha mama yake. Bi Somoe akamnusa kichwani, akampima uzito kwa mikono, akamgeuza sikio kuangalia nyuma yake, kama tufanyavyo sote. Mtoto akapiga miayo, akaendelea kulala.

Afisa wa Marejeo alikuwa amesimama nyuma yao. Alitazama nyumba, akatazama mikono ya Bi Somoe na kilichomo, akakohoa.

"Mama," akauliza taratibu, "umefika?"

Bi Somoe alisogeza mguu kidogo, akamfunika mtoto masikio.

"Bado, baba," akasema. "Bado narudi."